Aliyejibu kwa Jina Langu

Shemeji yangu alipocheka, nilichukua simu yake nikaizamisha ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka. Nikaikoroga kwa mwiko. Mama mkwe alipiga kelele kama vile nimetia mtu humo. Mtoto wangu alikuwa mgongoni, hata hakuamka.

Nilikuwa nimetoka kilioni, Nyakabere. Aliyefiwa na mtoto ni mwanamke tuliyelala naye vitanda jirani siku nilipojifungua. Ndiye aliyenionyesha namna ya kumshika wangu anyonye. Ndiye pia msomaji wangu wa kwanza. Nilipochapisha kitabu changu cha hadithi kule Bujumbura, aliwasomea wanawake wa kwao jioni wakimenya mihogo.

Nilifika na mzigo wa kuni kichwani. Kwetu, ukifika kilioni na mzigo, mwanamke mmoja huinuka kukutua, hata kama mligombana jana. Hakuna aliyeinuka. Nilisimama mbele ya mikeka, shingo inawaka, mtoto analia. Mwishowe nikaziangusha mwenyewe.

"Weye umekuja kutafuta sehemu ya pili?" mmoja akaniuliza.

"Sehemu ya pili ya nini?"

Akatoa simu, akasoma kwa sauti. Rafiki yangu alikuwa ameandika kwenye ukurasa wangu wa Facebook: "Dada, mtoto wangu amekufa. Nasoma tena ile hadithi yako ya mama aliyezika. Silali." Chini yake, kwa jina langu na picha yangu: "Asante sana kwa maoni yako! Sehemu ya pili inakuja, itakuliza zaidi!"

"Minye sikuandika hii."

"Na picha iko ya nani?"

Mwenye msiba hakuniangalia.

Ukurasa ule aliufungua shemeji, mdogo wa mume wangu, msomi wa chuo. Aliniambia mwandishi asiyekuwa Facebook ni kama hayupo. Nambari ya siri akabaki nayo, kujibu akajibu yeye. Na kweli jina lilikua: watu wa Goma, wa Kinshasa, hata walioko Ulaya waliandika. Lakini samaki aliyekufa naye huvimba, akaelea juu, kila mtu akamwona. Wanaosema mitandao inamjenga mwandishi hawajasimama na kuni kichwani mbele ya wasomaji wao. Walionipenda kwa kitabu kizima walinichukia kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe si wangu.

Nikarudi nyumbani Rugenge, nikamwambia shemeji aombe msamaha kwa jina lake mwenyewe. Ndipo akacheka.

"Shemeji, tulia. Tangu wameanza kukutukana, ukurasa umejaa watu. Matusi nayo iko publisite, inakutangaza!"

Sombe ikapata nyama.

"Mambo ya nyumba inamalizikia mu nyumba," mama mkwe akasema. Mume wangu akaangalia dari, kama jibu limeandikwa huko. Basi nikamfunga mtoto vizuri mgongoni, nikaenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu.

"Mama, unashitaki Facebook?" Shefu alitabasamu, karani wake akacheka wazi.

"Nashitaki mtu. Facebook haina kichwa cha kubebea kuni."

Karani akachukua kalamu aniandikie. Nikamnyang'anya. Wameniandikia vya kutosha. Niliandika mwenyewe, nikasimama pale mpaka karatasi ikagongwa muhuri:

"Mheshimiwa Shefu wa Kartie,

Mimi, mwandishi wa hadithi na mama wa mtoto mmoja, ninamshitaki shemeji yangu kwa kumjibu mfiwa kwa jina langu. Naomba aitwe, anikabidhi ukurasa mbele yako. Kisha abebe kuni kichwani, yeye mwanaume, mchana, toka barabara kubwa mpaka kwenye kilio Nyakabere. Asimame mbele ya mikeka, asome kwa sauti alichokiandika, ataje na jina lake. Naomba mtu yeyote asimtue kabla hajamaliza kusoma.

Kuhusu simu yake, sikanushi. Iliiva vizuri."