Ramani Iliyowasha Jiko

Siku ile jikoni tulikuwa watatu: mimi dada mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na kitindamimba mwenye homa, ambaye hakuwa amekula tangu jana yake. Wazazi tulikuwa tumeshawazika. Leo, hapa La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, mpangaji mwenzangu amewasha mkaa kwa jarida la rangi, na moshi wake mchungu umenirudisha kule.

Mkaa ulikuwa umelowa. Karatasi pekee nyumbani ilikuwa ramani ya njia za ndege za Waingereza, zile za baada ya vita vya pili vya dunia. Babu alipewa alipokuwa akiosha ndege uwanjani, akamwachia baba, na baba akamwachia mdogo wangu. Mstari mwekundu ulishuka kutoka London hadi Johannesburg.

“Dada, hiyo ya baba.”

“Baba hanywi uji tena. Huyu lazima anywe.”

Niliichana. Mdogo wangu hakulia. Alichutama kando ya jiko, akivitaja vituo vikiungua: Roma, Khartoum, Entebbe, Livingstone. Uji ukaiva, mtoto akanywa.

“Utanilipa ramani yangu,” akasema mdogo wangu, akilamba mwiko.

“Nitakulipa.”

Mtaa wa Fordsburg nimeuliza katika kila duka la vitu vya zamani. Wana ramani za treni na za meli tu. Mdogo wangu akinipigia simu haiulizi, nami bado sijamlipa.