Sauti ya Pili Peke Yake

Chuo cha muziki kilitaka video moja tu. Masharti yalikuwa wazi: mwombaji aimbe wimbo anaoujua vizuri kuliko nyimbo zote, asimame peke yake, bila ala yoyote, na video isikatwe wala kuunganishwa. Huo ndio ulikuwa mchujo wa awali. Wakiipenda, wanakuita kwenye usaili wa ana kwa ana. Wasipoipenda, kwaheri.

Nilitaka kuitwa. Sijawahi kutaka kitu kingine kama nilivyotaka kile. Nilikuwa nauza mchele kwenye duka la shangazi yangu, katika kituo cha wachimbaji karibu na Bulyanhulu, na nilikuwa nimechoka kuitwa "dada wa mchele" na watu wasiojua kwamba nina sauti. Nyumbani ni Kolandoto. Huko niliingia kwaya nikiwa bado nasimamishwa juu ya benchi ili nionekane, nikakulia kwenye mstari wa sauti ya pili, alto. Huku kanisa lilikuwepo, lakini watu wa machimbo hawakai. Ukianza kumzoea aliye kulia kwako, Jumapili inayofuata unaambiwa kafuata dhahabu kwingine.

Halafu kulikuwa na makarasha. Mashine zile za kusaga mawe ya dhahabu hazina adabu. Zinanguruma mchana kutwa, wala huwezi kuziomba zikupishe. Zilikuwa zikinyamaza umeme unapokatika tu. Basi wakati kituo kizima kinalaani giza, mimi nilikuwa namwomba Mungu alilete. Siku moja mchana umeme ukakatika. Nilikimbilia ghalani, nikafunga mlango, nikaegemeza simu kwenye debe, nikaimba katikati ya magunia. Nilimaliza bila kukosea.

Shangazi alikuwa mlangoni nilipotoka.

"Ng'wanone, mwanangu, siku hizi unaimbia magunia?"

"Naomba chuo, shangazi."

"Na magunia yamesemaje?"

Tukacheka wote wawili. Ndiye mtu pekee niliyemwambia.

Kusubiri kulinikondesha. Simu ikilia nilimwaga mchele, na wateja wakaanza kusema binti wa pale anapenda mtu. Kama ni kupenda, nilimpenda mtu asiyejibu.

Majibu yalikuja asubuhi moja nikiwa napepeta. Walishukuru. Walisema sauti yangu imetulia na haiyumbi. Kisha wakasema hawakuelewa nilichokuwa naimba. Mara kwa mara kulikuwa na ukimya mrefu, na muda wote walisubiri wimbo wenyewe uanze, haukuanza. Sikuchaguliwa kuendelea.

Nilipandwa na hasira. Haukuanza vipi, na mimi nimeimba tangu mstari wa kwanza hadi Amina? Nikafungua video ili niwaumbue. Nilifika ubeti wa pili ndipo nikaona.

Nilikuwa nimeimba alto. Alto tupu. Zile noti mbili tatu zinazong'ang'ania palepale huku soprano wakipanda na wimbo wao. Mahali wanapoingia besi peke yao nilikuwa nimenyamaza, nimeinua kidevu, nahesabu mapigo, nasubiri zamu yangu. Ghalani siku ile nilikuwa nawasikia wote: soprano mbele yangu, teno kushoto, besi kule nyuma. Kwenye video kulikuwa na msichana aliyesimama kimya kati ya magunia, halafu anaanzia katikati ya sentensi.

Nililia, nakiri. Wimbo nilioujua kuliko nyimbo zote, kumbe sikuwahi kuuimba.

Jioni nilimtumia video mwalimu wetu wa kwaya kule nyumbani, yule ambaye tukichelewa mazoezi alitukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nilitaka anielekeze nianzie wapi kujirekebisha. Akanipigia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimeisikiliza mara mbili. Sasa kosa liko wapi? Hujayumba hata noti moja. Na pale kwenye besi umesubiri vilevile nilivyokufundisha."

"Wanasema wimbo haukuanza, mwalimu."

"Haukuanza? Hao watu wana masikio kweli?"

Alikuwa anashangaa kwa dhati. Nilijaribu kumweleza, nikaona namchosha, nikaacha.

Siku ya mazoezi yaliyofuata aliwachezea wanakwaya sauti yangu kutoka kwenye simu yake, nao wakaimba juu yake, wakairekodi, wakanitumia. Makarasha yalikuwa yanawaka, hivyo niliingia ghalani nikaibana simu sikioni. Nilianza mimi, kwa mbali. Soprano wakapanda. Teno wakafuata. Nilipofika kwenye ukimya wangu wa kwanza, besi wakaingia pale pale, wakaujaza wote. Hakuna aliyekosea. Mwishoni vikapigwa vigelegele, na soprano mmoja niliyezoea kusimama nyuma yake akapaza sauti, "Tumekusikia vizuri kabisa! Wamekuonea tu!"

Niliwajibu asante, nikaongeza na vile vimoyo vyekundu. Sikuwaambia kwamba tangu nisome yale majibu, nikiifungua video yangu na kusubiri waingie, hata mimi siwasikii tena.