Chambo Nilichomtayarishia Papa

Jameni, shule niliachia darasa la saba, lakini mdomo wangu ulifika chuo kikuu. Mwezi uliopita niliacha kuchuma chai huku Ikonge nikaenda Kilifi. Huko nikamwambia Mzee Kombo, anayepeleka wageni kuvua papa kutoka ufuoni, kwamba mambo ya samaki najua yote.

“Haya, mwanangu,” akasema. “Funga ndoana kwa waya, halafu unitayarishie huyu jodari awe chambo. Ukiweza, kazi ni yako.”

Waya nilikaza kama kamba ya ng'ombe wa mama. Papa akate hiyo na meno gani? Jodari naye nikamshughulikia na roho safi: nikatoa matumbo, nikaosha damu yote, nikatia chumvi na ndimu, nikakaanga mpaka akakauka vizuri, vile wamama hukaanga soko ya Keroka. Samaki mbichi mimi nilikuwa nimeona wapi?

Asubuhi, wageni wakiwa tayari na mishipi, mzee akafungua ndoo ya chambo. Akanusa. Paka wawili walikuwa wameshafika.

“Mwanangu, papa hufuata damu,” akasema polepole. “Lakini si neno. Niambie tu, ugali wake umeuweka wapi?”