Manifold ya Temeke, gasketi ya ng'ambo: kirikuu yetu ya samaki ilivyopanda tena Wazo

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Leo nimetulia niwape mkasa wa kirikuu yangu. Ni kweli tupu. Nikikoleza mahali mtapaona wenyewe, maana huwaga sikolezi kidogo.

Kwa asiyejua, kirikuu ni kale kapikapu ka mizigo ambako injini iko chini ya siti. Mie na mke wangu, Mama Nasra, tunakula kwa hako. Asubuhi ananunua samaki Kunduchi, tunapanda nao nyumbani Wazo, anawaparua na kuwapanga kwenye barafu, kisha nashuka nao Mabibo kwa Mama Happy, mwenye mgahawa unaolisha wanafunzi wa hosteli.

Wale watoto wanakula kama wameambiwa samaki wataisha baharini Ijumaa.

Basi kirikuu ikaanza kupiga mluzi. Chini ya siti, wakuu. Umekaa zako, huko chini unasikia birika la chai limechemka. Ukiwa foleni, silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda yenyewe kama ndege inataka kuruka. Ukikanyaga mafuta kupanda Wazo, nguvu hakuna. Kuna siku tulipitwa na mzee anayesukuma baiskeli ya mkaa. Na pole akatupa.

Fundi Ambakisye, kijana wa Mbeya mwenye gereji jirani yetu, akafunua siti, akapulizia dawa ya kusafishia kabureta upande wa hewa. Mlio wa injini ukabadilika palepale. Akasema intake manifold imepasuka, yaani ile mikono inayogawa hewa kwa kila silinda. Ikipasuka, injini inavuta hewa ya wizi. Ilishazibwa gundi na mwenye gari aliyetangulia, sasa haizibiki tena.

Ishu ni kwamba tulikuwa tumeshachelewesha samaki mara mbili. Na Mama Happy alikuwa ameshatamka, bila kelele: "Mama Nasra, nakupenda, ila wanafunzi hawali upendo. Mkichelewa tena nachukua kwa mwingine."

Huyo ndiye mteja wetu mkubwa. Akiondoka yeye, tunabaki kuuziana samaki mie na mke wangu.

Hapo ndipo akaingia shemeji yangu Salum, kaka wa Mama Nasra. Shem Salum ana imani moja duniani: kitu cha nje. Hata kiberiti anauliza kimetoka wapi. Akaja na boksi kutoka duka la spea analolijua, manifold mpya kabisa ya ng'ambo. Inang'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu. Ndani ya boksi na gasketi yake, ile pedi nyembamba ya kuziba kati ya manifold na injini.

Fundi Ambakisye akasema Temeke kuna mzee anasubu manifold za aluminiamu, yaani anayeyusha na kumimina mwenyewe, zile za kwetu, na amefunga kadhaa hazijamrudia.

Shem Salum akacheka mpaka akashika mlango. "Shem, unataka kufunga sufuria kwenye injini?"

Niseme ukweli, hata mie nilikuwa upande wa boksi. Linavutia, lile boksi.

Ila wakuu, mie nimemaliza fomu foo ya jioni, tayari nikiwa baba. Wenzangu darasani wengine walikuwa wajukuu zao wanawasubiri nje. Fizikia niliielewa mpaka mwalimu akawa ananiogopa. Nikakumbuka kwamba kitu kinachoziba hewa lazima kilale bapa. Na nyumbani kwetu kitu bapa kuliko vyote ni meza ya kioo ya sebuleni.

Nikatoa vitambaa. Mama Nasra akasimama pembeni mikono kiunoni. "Ukiikwaruza hiyo meza, leo utalala na manifold lako."

Nikailaza taratibu, ule uso unaokaa kwenye injini ukitazama chini. Nikaigusa pembeni kwa kidole. Ikacheza, kama kiti kibovu cha baa. Nikachukua karatasi ya daftari la Nasra, ikapita chini yake upande mmoja bila hata kubisha hodi.

Shem akasema hiyo ni kawaida, silikoni itajaza.

Na hapo ndipo wengi tunapoliwa, wakuu. Mjini hapa silikoni ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Tunapaka kwanza, tunauliza baadaye. Na ukishapaka, duka halipokei tena, umeoa. Fundi Ambakisye akaitazama ile karatasi, akarudisha chupa ya silikoni mfukoni. Akasema gundi nene kiasi hicho ndiyo iliyotufikisha hapa.

Tukaenda Temeke, wote wanne, boksi limefungwa vilevile.

Mzee Chilumba ni mtu wa kusini, alianza maisha akichonga vinyago. Sasa anachonga manifold za mti, wakuu, mninga mtupu, halafu anaikandamiza kwenye mchanga, anaitoa, na kwenye alama iliyobaki anamwaga aluminiamu. Tukamwamkia. Ile ya mti ilikuwa nzuri kiasi kwamba ningeiweka sebuleni, juu ya meza niliyoponea chupuchupu.

Akatupa ya aluminiamu iliyo tayari. Haing'ai. Rangi yake kama uji. Ila uso umesagwa. Nikailaza kwenye kipande cha kioo alichonacho, ikatulia. Karatasi ikagoma.

Nikawa nimeshaanza kumtambia shemeji. Mama Nasra akaichukua, akazamisha vidole ndani ya ile mikono ya hewa, akavitoa vina chembe za mchanga. Akamwonyesha mzee.

"Baba, huyu hajatolewa matumbo."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaipeleka kwenye maji, akaisugua na kuipuliza kwa upepo, akamrudishia yeye, si mie. Mama Nasra akapitisha vidole tena kila tundu, kama yuko Kunduchi. Mchanga ule ungeingia injini, leo ningekuwa nauza kirikuu kwa kilo.

Gasketi mzee hana, hutengenezi nyumbani kila kitu. Shem Salum akarudi na boksi dukani, halijapakwa chochote, wakabadilishana kwa gasketi nzuri ya nje na filta ya hewa. Fundi Ambakisye akafunga, kwa hiyo ndani ya kirikuu sasa wanaishi wote, mgeni na mwenyeji, wamebanwa kwa bolti moja.

Bei za manifold hizo mbili msiniulize, zilikaribiana.

Kesho yake tulipanda Wazo na mzigo. Mluzi kimya. Nilimtafuta yule mzee wa mkaa niheshimike, sikumwona.

Mabibo tukafika mapema, Mama Happy bado anafagia. Akafunua sanduku, akagusa, akasema tu, "Leo hata barafu imefika nzima." Kisha akaongeza oda.

Shem Salum gari letu analiita Sufuria. Juzi kaniomba nimpeleke kwa Mzee Chilumba, na lake linapiga mluzi.

Nilichojifunza: usiulize kwanza imetoka wapi. Ilaze kwenye kioo, ingiza vidole ndani, silikoni iwe ya mwisho. Na kama mke wako anaparua samaki, usiende kununua spea bila yeye.

Sasa nyie mliofunga za nje zikakaa, mwageni uzoefu. Ila semeni kwanza, mlizilaza kwenye meza ya nani?