Valvu Niliyoisugua kwa Majivu

Harufu ya risasi ya kulehemu nyaya ikiyeyuka juu ya makaa bado hunirudisha nyumbani kwetu Matinyani, miaka ya hamsini, wiki ile baba alipokuwa akiifufua redio. Aliinunua ikiwa mbovu kwa mwenye duka mmoja wa Kitui mjini, imejaa vumbi na mavi ya panya, na kwa kuwa vitani alikuwa fundi wa mitambo ya simu, aliitandaza mezani akaapa kwamba itasema. Betri alizianika juani kando ya kunde za mama, zipate nguvu. Nyaya zilizotafunwa alizibadilisha mmoja mmoja. Hatukuwa na haja ya muziki. Kaka yangu Musyoka, askari wa Waingereza huko Malaya, Asia ya mbali, alikuwa ameandika kwamba Jumamosi alasiri salamu zake zingetangazwa, kwa sauti yake mwenyewe, na mama alikuwa hajaisikia sauti hiyo kwa miaka miwili. Wiki nzima mama aliimba akipepeta mtama.

Ijumaa redio ilikoroma, ikatamka maneno mawili matatu, tukashangilia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kusafisha chimni za taa kwa majivu, kazi niliyojivunia kupita kiasi. Jumamosi asubuhi, baba akiwa amekwenda kukata mti wa kuinulia waya wa redio, nikazitazama zile valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, kila kimoja na weusi unaong'aa kichwani. Nikasema moyoni, masizi haya ndiyo yanayoikwaruza sauti. Nikachomoa kimoja, nikakisugua. Weusi haukutoka. Nikakaza mkono, kioo kikalia kidogo, na weusi wote ukageuka mweupe kama maziwa. Nami, mjinga wa watu, nikafurahi kwamba kimetakata, nikakirudisha mahali pake.

Alasiri majirani walijaa uani. Baba akawasha redio, ikanyamaza. Akachungulia ndani, akakitoa kile cheupe, kilichopata ufa kikaingia hewa, kikafa.

"Nani ameshika hii?"

"Ni mimi, baba. Nilikuwa natoa masizi."

Hakunipiga. Alikaa nacho mkononi mpaka majirani wakaanza kuondoka. Mama ndiye aliyesema, "Wacha mtoto. Alitaka Musyoka asikike vizuri."

Kesho yake kanisani, mwanamke mmoja wa mjini alimwambia mama kwamba alizisikia salamu hizo dukani. Mama akamshika mkono. "Aliniitaje?"

"Alisema mwaitu, mama yangu, halafu akacheka kidogo."

Mama akamwomba aseme tena vile Musyoka alivyosema, na tena. Musyoka hakurudi, homa ilimmaliza huko huko. Mama aliishi miaka mingi baadaye na hakunitajia kioo kile hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Leo wajukuu wangu walio ng'ambo hunitumia sauti zao kwa simu, nyingi hata sizimalizi kusikiliza, na hunicheka kwamba simu imejaa nami sikubali ifutwe hata moja. Siwaelezi. Sauti ya Musyoka ilipita juu ya paa letu alasiri ile, mama akiwa ameketi chini yake, amevaa nguo yake ya kanisani, na mimi ndiye niliyeifungia nje.