Binamu wa Chumba cha Juu

Umewahi kukivuruga kitanda ambacho hakuna aliyekilalia? Wendell Arsenault alifanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi alikifanya kwa kinyaa. Alitupa mto huku, akakunja shuka kule, akalibonyeza godoro kwa kiwiko, ili mwenye nyumba akipanda kufagia aamini kwamba wageni wake wawili kutoka Kanada hulala kila mtu kwake. Corwin, mume wake wa ndoa halali, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Bonyeza vizuri, binamu. Jana kilionekana kama kimelaliwa na paka."

Ndiyo desturi ya wasafiri wa aina yao. Mjini Mexico walitembea wameshikana mikono na hakuna aliyegeuza shingo. Lakini katika mji mdogo wa milimani kama huu, mume hugeuka binamu. Wendell, dereva wa basi la shule kule kwao Moncton, alifunzwa hilo na nyumba moja ya wageni iliyowatupia mabegi nje mvua ikinyesha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema ni nani aliyemsukuma humo.

Mwenye nyumba, Bi Eulalia, mjane mwenye sauti ya kengele, aliwapenda. Aliwapandishia tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, na hakuchoka kumtafutia Wendell mke.

"Mpwa wangu Remedios bado hajaolewa, mwanangu. Ana meno yake yote."

"Na mimi ninayo yangu, mama. Yatutoshe."

Adhuhuri hiyo Corwin alijikunja sakafuni akishika tumbo. Bi Eulalia mwenyewe ndiye aliyeita teksi, akawapeleka hospitali ya binafsi huku akisali njia nzima. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Corwin akasukumwa ndani, akapasuliwa, na jioni daktari akaja kusema hatari imepita. Wendell akakimbilia wodini. Msichana wa mapokezi akamzuia.

"Wanaingia mke au mume, wazazi na watoto tu. Wewe ni nani wake?"

"Mume wake."

"Binamu, binti yangu!" Bi Eulalia akadakia, akidhani anamsaidia kijana aliyechanganyikiwa. "Wanakaa kwangu. Ni binamu, watoto wa dada wawili. Mwache aingie, amechoka huyu."

Msichana akacheka waziwazi. "Kwa bibi ni binamu, kwako ni mume. Kesho utakuwa mama yake?"

"Tumeoana. Cheti kiko nyumbani, Kanada."

"Basi nenda ukakichukue." Akarudi kwenye simu yake.

Wendell aliketi kwenye kiti cha plastiki, ulimi mchungu kama aliyelamba shubiri. Alimchukia msichana yule na kicheko chake. Alizichukia hoteli zote zilizomfanya mtu mzima wa miaka arobaini aigize usingizi wa mtu asiyekuwepo. Zaidi ya yote alijichukia yeye mwenyewe, aliyekuwa ameupanga uongo ule kwa ustadi mkubwa, hata ukamfungia mlango wa mtu wake. Ingekuwaje Corwin akizinduka peke yake, katika lugha asiyoijua, aulize Wendell yuko wapi, aambiwe hana mtu?

Bi Eulalia alisimama mbele yake. Uso ulikuwa umemwiva.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Chini ya paa langu! Nimekupa mpaka mpwa wangu!"

"Ungetupokea kama tungesema?"

Bibi alifikiri. Hakuwa mtu wa kupaka asali. "Hapana. Ningewafukuza." Akavuta shali yake. "Lakini leo nisingekuwa shahidi wa uongo. Mmenichafulia ulimi, nyinyi."

"Na sisi tumechafuliwa kiasi gani, mama? Hata hilo hujatuuliza."

Bi Eulalia hakuondoka. Aliketi viti viwili mbali naye, kisogo kimemwelekea, akasinzia hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata mlango wa wodi ulisukumwa kutoka ndani. Corwin alitokea amevaa gauni la hospitali lililofungwa vibaya mgongoni, mkono mmoja ukiburuta stendi ya dripu, nesi akimfuata na kumsihi arudi. Msichana wa mapokezi aliinuka. Corwin akampita, hatua fupi fupi, jasho likimtiririka, mpaka penye viti vya plastiki. Akamwinamia Wendell, akambusu mdomoni mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Bi Eulalia aligeuza uso kuelekea ukutani, akafanya ishara ya msalaba. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma yake na kulivuta lile gauni kumfunika kijana matako.