Jeraha la Mlungulungu

Ningeweza kusema hapana asubuhi ile, na hakuna ambaye angenilaumu. Mnunuzi wa magome alikuja na pikipiki kutoka Mkata, akasema ameambiwa mimi ndiye katibu wa kamati ya msitu, na kwamba nimesoma. Alitaka kuonyeshwa ilipo milungulungu, ile miti yenye miiba minene shinani, ambayo magome yake kwetu huchemshwa kwa ajili ya kifua. Aliniita mtaalamu. Nikachukua panga, nikatangulia.

Msitu wenyewe uko juu ya mashamba yetu, kijijini Mazingara. Shangazi yangu alikuwa mganga wa miti shamba, na mwaka ule alikuwa akimfundisha binti yangu, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka Korogwe. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Mwanafunzi hubandua gome la mlungulungu upande wa mawio, upana wa kiganja, kisha huziba jeraha kwa udongo. Jeraha likifunga, ndipo anaonyeshwa dawa ya pili. La binti yangu lilikuwa limebakiza upana wa kidole.

Niliwaambia vibarua aliokuja nao mnunuzi wabandue upande mmoja tu.

"Mzee, huu ni mti au mgonjwa?" mmoja akauliza.

"Ukilia tutaupa pole," mwenzake akajibu.

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikaenda kupalilia mahindi yangu. Mti wa binti yangu sikuwaonyesha, lakini sikuwakataza pia. Niliporudi alasiri, kila mlungulungu ulikuwa umebanduliwa kuzunguka shina, kuanzia chini hadi mkono wa mtu unapofika.

Shangazi alikuwa haoni vizuri. Kesho yake binti yangu alimshika mkono hadi kwenye mti wake, nami nikawafuata. Shangazi akapapasa shina, akalizunguka lote akitafuta mahali gome linapoanzia. Hakupaona.

"Nani amewaleta?"

"Mimi, shangazi."

"Wewe uliyesoma."

Binti yangu akasema atatafuta mti mwingine, hata kama ni Mashewa, waanze upya.

"Jeraha hufunga kwa misimu miwili, mjukuu wangu. Mimi misimu miwili sina."

Nilimsihi azitaje tu hizo dawa, mimi niandike. Akasema mkono haufundishwi na daftari. Tangu hapo hakunisemesha tena.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Milungulungu ilikauka yote. Binti yangu alirudi Korogwe kuuza vitumbua stendi, na simu hunipigia siku ya Idi tu. Wajukuu wakikohoa tunakwenda zahanati. Dawa ikiwa imekwisha, tunarudi tulivyokwenda.

Kwa sababu nilipenda kuitwa mtaalamu, shangazi yangu alikufa hasemi nami, binti yangu alikosa kazi aliyoitaka, na katika ukoo wetu hakuna tena anayeijua dawa ya pili.